Cheki Ndula Kwanza

Ukitaka kujua msee ameomoka kiasi gani, anzia chini, kwa ndula. Cheki Marten Soolmans, kijana wa Amsterdam mwenye alichorwa na Rembrandt mwaka wa 1634. Ametoka tu kuoa, bado yuko kwa twenti zake, na kwa kila ndula amefunga ua la lesi kubwa kama kabeji. Kwa magoti, lesi tena. Kwa kola ndio noma kabisa, imemwagika hadi mabegani, na hiyo kitu ilisukwa na mikono ya watu, uzi kwa uzi. Nguo kama hiyo haiendi mjengo, na Marten alitaka kila mtu ajue.

Suti yenyewe ni nyeusi tupu. Usidhani ni matanga. Siku hizo nyeusi ya ukweli ilikula doh mob, juu kitambaa kilirudishwa kwa rangi mara kadhaa ndio ikolee isigeuke kahawia. Kanisani unaonekana umetulia, lakini wenye wanajua kitambaa washasoma bei. Hiyo akili mimi naiheshimu.

Manzi wake, Oopjen Coppit, alipata turubai yake mwenyewe, na lulu shingoni na upepeo wa manyoya meusi mkononi. Kila picha inapita mita 2, mtu mzima kutoka kichwa hadi ndula. Saizi hiyo ilikuwa ya wafalme na makabaila. Lakini Uholanzi ilikuwa jamhuri, wadosi wa mtaa ni wafanyabiashara, so watoto wao wakaichukua.

Wengine walichanga doh wachorwe pamoja. Cheki ile picha ya Rembrandt, De Nachtwacht ya 1642, wale walinzi wa jiji walitoa kama gilda soo kila mmoja. Kuna mwenye alitoa zaidi na kuna mwenye alitoa kidogo, kulingana na mahali amewekwa kwa picha. Nafasi ya mbele ililipiwa.

Sasa doh ya Marten ilitoka wapi? Buda yake alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari Amsterdam. Sukari ilitoka Brazili, na miwa ilikatwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Marten akadedi 1641, Oopjen akaolewa na Maerten Daey, soja mwenye alikuwa amekaa Brazili. Huko Daey alimshikilia Mwafrika anaitwa Francisca, akambaka, na Francisca akazaa mtoto anaitwa Elunam.

Mwaka wa 2016 Uholanzi na Ufaransa zilinunua hizo picha mbili za Marten na Oopjen kwa yuro milioni 160. Mimi hiyo bei hainibambi vile ilinibamba 2021, makumbusho ya Rijksmuseum ilipofanya maonyesho makubwa ya utumwa na Oopjen akawa mmoja wa watu kumi wenye maisha yao yalisimuliwa. Saa hii nikiangalia zile lulu, lazima niitafute sukari.