Je, Mtu Huzaliwa Mwema au Mwovu?

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi, kijana asomaye chuo kikuu hapa Morogoro alinijia, akaketi mkekani, akasema: "Shikamoo maalim. Wanafalsafa wa Ulaya wasema mtu hana maumbile aliyopewa, bali hujifanya mwenyewe. Nawe ulitufundisha fitra. Nimwamini nani?"

Sikumkemea, maana kuuliza si ujinga. Elimu yangu ni ya Qurani na ya shule ya msingi tu; basi nilimwomba alete vitabu vyake tusome pamoja.

Tuliyoyakuta ni haya. Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba watu wasipokuwa na mtawala wa kuogopwa, kila mtu atakuwa adui wa mwenziwe. Baada yake John Locke akasema akili ya mtoto ni kama karatasi nyeupe, huandikwa na yale ayaonayo. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau akanena kuwa mtoto huzaliwa mwema, na watu ndio wamharibuo. Ajabu ni kwamba mwalimu huyo wa malezi aliwapeleka watoto wake watano katika nyumba ya watoto waliotupwa! Karl Marx akasema mtu hufanywa na kazi na mali za zama zake. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, akasema huendeshwa na matamanio asiyoyajua. Mwaka 1945, vita vikuu vilipokwisha, Jean-Paul Sartre alihutubu Paris kwamba hakuna maumbile ya mtu, kwa kuwa hakuna Mungu wa kuyakusudia. Hata mwaka 1971 Noam Chomsky na Michel Foucault walibishana juu ya jambo hilo huko Uholanzi, wala hawakupatana.

Tusidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Lakini wakulima walilazimishwa, na wengi waliona udongo wenye rutuba wafukiwa na ule mkavu waletwa juu. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Mwenye kuamuru pasipo kuuliza amekwisha kuamua moyoni kwamba aliye mbele yake ni mtu wa kusukumwa tu.

Nami sikusalimika na kosa hilo. Zamani nilimchapa bakora mtoto asiyeshika somo, nikamwita mkaidi. Hakurudi tena madrasani. Baadaye nilipata habari kuwa masikio yake hayakusikia vyema. Nilikuwa nimeyahukumu maumbile yake kabla ya kumjua, na jambo hilo hunichoma hata leo.

Basi Uislamu wasemaje? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, na wazazi ndio wamgeuzao. Qurani nayo yatufahamisha kuwa mtu ameumbwa kwa umbo bora, na kwamba nafsi imejulishwa uovu wake na ucha Mungu wake. Kwa hiyo wema aliouona Rousseau upo, na uovu aliouogopa Hobbes upo. Malezi yana nguvu, na hiari yetu ni ya kweli. Lakini hiari hiyo ni amana, nasi tutaulizwa.

Enyi wazazi, kijana akirudi na maswali ya namna hii, msimfukuze, someni naye. Na kabla ya kumwita mtoto mwovu, chunguzeni kwanza kinachomsumbua.

Yule kijana angali huja kila Alhamisi. Juzi nilimwuliza: ikiwa mtu hujifanya mwenyewe, mbona dhamiri humsuta atendapo ovu lisiloonwa na mtu? Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, nipe juma moja." Nami nimempa.

Wabillahi taufiki.