Je, Wajua? Bukta ya Baba Inaweza Kuzuiwa Getini

Je, wajua kwamba baba aliyevaa bukta yake nzuri ya kuogelea, ile pana ya kufika magotini, anaweza kurudishwa getini Ufaransa? Mabwawa mengi ya manispaa na ya kambi za likizo nchini humo hayapokei bukta pana. Mwanamume, na mtoto wa kiume vilevile, anatakiwa kuvaa chupi ya kuogelea au kaptula fupi inayobana mapaja. Getini pamebandikwa mchoro wa bukta iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mlinzi wa bwawa hahitaji kujua lugha yako. Anakuonyesha mchoro kwa kidole, na maneno yamekwisha.

Sababu yenyewe ina mantiki. Bukta ni nguo ya mtaani. Mtu huivaa asubuhi akaenda kununua mkate, akaikalia mchangani, kwenye nyasi na kwenye kiti cha basi, akatia mifukoni sarafu na vipande vya karatasi, kisha mchana akaingia nayo majini. Chupi inayobana haivaliwi sokoni, kwa hiyo hufika bwawani ikiwa safi. Baadhi ya mabwawa ya huko yana mashine karibu na mapokezi inayouza chupi na kofia: unalipa, unachukua, unaingia.

Je, wajua kwamba ile harufu kali ya bwawa, ambayo wengi hudhani ni dalili ya usafi, mara nyingi ni dalili ya uchafu? Klorini ikikutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi huzaa kemikali ziitwazo kloramini. Hizo ndizo zinazonuka, zinazowasha macho na kukohoza watoto. Bwawa linalotunzwa vizuri halinuki namna hiyo. Ukiambiwa uoge kwa sabuni kabla ya kuingia, usikasirike. Unakingwa wewe pamoja na mwanao.

Wajua pia kwamba fulana ya pamba, ambayo mama wengi huwavalisha watoto ili kuwakinga na jua, hukatazwa kwenye mabwawa mengi? Pamba hunywa maji, humwelemea mtoto asiyejua kuogelea vizuri, na nyuzi zake huenda kuziba chujio. Badala yake tafuta fulana ya kuogelea yenye alama ya UPF 50+. Alama hiyo maana yake ni kwamba kitambaa hakipitishi zaidi ya 1/50 ya miale ya jua inayounguza ngozi. Na ngozi nyeusi nayo huungua, hata kama wekundu wake hauonekani haraka. Lakini uliza kwanza: baadhi ya mabwawa ya Ufaransa hukataa hata fulana hiyo.

Sasa tuje kwenye kofia, maana hapa familia zetu hupata taabu ya kweli.

Je, wajua kwamba kofia ya kuogelea ni lazima kwenye mabwawa mengi ya Ufaransa, Italia, Japani na Korea Kusini? Lengo ni nywele zisiingie kwenye chujio, na sharti humhusu kila mtu, mume kwa mke, mkubwa kwa mdogo. Tatizo ni kwamba kofia ya kawaida imekatwa kwa kichwa chenye nywele laini zinazolala. Binti mwenye rasta ndefu au afro iliyojaa huivuta, inapanda, inafyatuka. Anabaki amesimama ukingoni wenzake wakiwa majini.

Kampuni ndogo ya London iitwayo Soul Cap ilitengeneza kofia kubwa zinazotosha rasta, dredi na afro. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, iliomba zikubaliwe mashindanoni. Shirikisho la kuogelea duniani, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa, likidai kofia hizo hazifuati umbo la asili la kichwa. Umbo la kichwa cha nani? Katika michezo hiyohiyo Alice Dearing alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Kelele zilipigwa, na Septemba 2022 kofia ikakubaliwa. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kosa, na ni vema ulisahihishwa. Leo kofia kubwa zinauzwa na kampuni kadhaa. Nunua kabla ya safari, kwa sababu duka dogo la pale bwawani huenda halina. Au msuke binti yako twende kilioni siku moja kabla ya kuondoka. Msuko huo hulala kichwani, na hata kofia ya kawaida huingia.

Je, wajua kwamba burkini ilibuniwa Australia? Aheda Zanetti, Mwaustralia mwenye asili ya Lebanon, alimwona binti wa ndugu yake akihangaika kucheza netiboli akiwa na hijabu na nguo nzito, akabuni vazi jepesi la kufunika mwili. Hiyo ilikuwa mwaka 2004. Kitambaa chake ni cha kuogelea, kama vazi lolote la kuogelea.

Hata hivyo, Ufaransa vazi hili limezua kesi juu ya kesi. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ililipiga marufuku ufukweni. Tarehe 26 Agosti mwaka huo, mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet. Kwa upande wa mabwawa mambo yalikwenda kinyume: Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliuzuia mji wa Grenoble kuliruhusu katika mabwawa yake. Hivyo mama anaweza kuogelea baharini na burkini yake asubuhi, na jioni akazuiwa kwenye bwawa la manispaa.

Ujerumani mahakama ziliona tofauti. Mji wa Koblenz ulipiga marufuku burkini mabwawani, na mwaka 2019 mahakama ikaisimamisha amri hiyo kwa hoja ya usawa. Mimi nasimama na mahakama hiyo. Usafi ni hoja halali dhidi ya bukta iliyoshinda mtaani. Dhidi ya vazi safi lililoshonwa kwa ajili ya maji, hoja hiyo haina miguu. Mama anayewapeleka wanawe kuogelea hastahili kuketi pembeni akiwatazama.

Je, wajua kwamba Iceland mambo ni kinyume kabisa? Huko, kabla ya kuvaa vazi la kuogelea, sharti uoge uchi kwa sabuni katika bafu la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao. Ukutani kuna picha ya mwili yenye alama za sehemu za kusugua: kichwa, kwapa, nyeti, miguu. Waeleze watoto mapema, tena mkiwa nyumbani. Kwa mtoto aliyelelewa kujisitiri, kushtukizwa na jambo hilo si mchezo. Mabwawa mengi yana pia vyumba vichache vya faragha kwa anayevihitaji. Uliza mapokezi bila kuona haya.

Helsinki kuna bwawa la ndani la Yrjönkatu, lililofunguliwa mwaka 1928, ambako kwa miongo mingi vazi la kuogelea lilikuwa haliruhusiwi. Tangu 2001 unaweza kuvaa ukitaka. Wanaume na wanawake wana siku zao mbalimbali.

Ujerumani na Austria, bwawa la hoteli likiwa na sauna, soma kibao cha mlangoni. Mara nyingi ndani ya sauna vazi la kuogelea limekatazwa, wanaume na wanawake huketi pamoja juu ya taulo zao. Usiingie na watoto bila kujua.

Je, wajua kwamba Japani mchoro wa tatuu unaweza kukufungia mlango? Mabwawa na mabafu mengi ya maji moto hukataa wenye tatuu, kwa sababu huko huhusishwa na magenge ya uhalifu. Ndogo hufunikwa kwa plasta, kubwa kwa fulana ya mikono mirefu pale inaporuhusiwa. Na mama mwenye mtoto wa kiume ajue hili: mwaka 2020 mwongozo wa serikali ulishusha umri wa watoto kuchanganyika na jinsia nyingine kwenye mabafu ya umma, kutoka karibu miaka 10 hadi 7.

Argentina, mabwawa mengi ya vilabu humpima mgeni kabla ya kuingia. Mpimaji hutazama katikati ya vidole vya miguu akitafuta fangasi, kisha kwapani na kichwani.

Visiwa vya Maldives, bikini ni ruksa kwenye visiwa vya hoteli. Kwenye visiwa wanakoishi wenyeji huvaliwa tu kwenye ufukwe uliotengwa. Walio na ndugu Muscat wanajua desturi kama hiyo: vazi la kuogelea hukaa kwenye bwawa au ufukwe wa hoteli, na ukitoka unajifunika. Wakazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, huwaomba wageni wao adabu ileile. Barcelona nayo ilipiga marufuku kutembea mitaani na vazi la kuogelea mwaka 2011, na anayekaidi hutozwa faini.

Wajua kwamba Washington mwaka 1922 askari alikuwa akipima kwa utepe nguo za wanawake ufukweni? Ilikatazwa vazi kuwa zaidi ya inchi 6 juu ya goti.

Nepi ya kuogelea, je? Hiyo huzuia kinyesi kigumu tu, haizuii vijidudu. Kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye klorini ya kawaida, na husababisha kuhara. Kagua nepi kila saa, ibadilishe mbali na bwawa, na mtoto anayeharisha asiingie kabisa, hata kama tiketi imeshalipiwa.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Je, wajua kwamba vazi la bluu hafifu au jeupe hupotea machoni mtoto akizama chini ya maji? Sakafu ya mabwawa mengi ni ya rangi hizohizo. Rangi ya chungwa au waridi inayong'aa huonekana hata maji yakichafuka. Hakuna kibao kitakachokudai hilo, lakini mimi nakuomba uliweke mbele ya masharti mengine yote. Na kabla ya kulipia chumba, iandikie hoteli na kuiuliza: bukta inaruhusiwa? Kofia ni lazima? Burkini na fulana ya mikono zinakubaliwa? Jibu lao lihifadhi kwenye simu, uende nalo hadi getini.