Kambi ya Askari Iliyogeuka Kuwa Chuo cha Waalimu

Mzazi anapompeleka mtoto wake kuanza shule ya sekondari huuliza habari za karo, za nguo za shule, za godoro na sanduku. Ni nadra kumsikia akiuliza, "Huyu atakayemfundisha mwanangu hesabu, yeye mwenyewe alifundishwa wapi?" Hata hivyo swali hilo lapita mengine yote kwa uzito, kwa kuwa godoro baya laweza kubadilishwa katika muda wa juma moja, bali mwaka mzima wa mafundisho mabaya mtoto hawezi kurudishiwa. Basi hapa tutaeleza jinsi mwalimu wa shule ya sekondari anavyofunzwa kazi yake, na mfano wetu utakuwa Shule ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaani ile sehemu ya Chuo inayowatayarisha waalimu.

Ukitoka mjini Nairobi kwa njia ya Thika, ukaenda kadiri ya kilomita 20, utafika mahali ambapo zamani palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza. Kambi hiyo, karibu na Kahawa, iliitwa Templer Barracks. Kenya ilipata Uhuru mwaka wa 1963, na katika mwaka wa 1965 Serikali ya Uingereza iliikabidhi kambi hiyo kwa Serikali ya Kenya. Wengine wangaliweza kudhani ya kuwa jeshi jipya ndilo litakaloingia humo. Sivyo ilivyokuwa. Waliingia vijana wenye vitabu, na mahali hapo pakaitwa Kenyatta College, chuo chenye sehemu mbili: moja ya masomo ya juu ya sekondari, na ya pili ya kuwafunza waalimu.

Sababu yake yafahamika upesi mtu akizikumbuka hesabu za siku zile. Mwaka wa 1963 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi 30,000 na kidogo zaidi. Baada ya Uhuru watu wa kila wilaya walianza kuchanga fedha, kuchimba msingi na kubeba mawe, wakajenga shule zao za Harambee. Nyumba ya darasa yaweza kusimama katika miezi michache ikiwa wazee wameungana. Lakini mwalimu hajengwi kwa mchango wa siku ya Jumamosi. Kwa hiyo madarasa mengi yalikuwa yakingoja waalimu, na katika shule zilizokwisha kuanza wengi wa waalimu walikuwa wageni. Tangu mwaka wa 1961 palikuwa na mpango wa kuwaleta vijana wa Marekani kufundisha Afrika ya Mashariki, mpango uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, na wengi wao walipata mafunzo ya ualimu kule Makerere kabla ya kugawanywa mashuleni. Walifanya kazi njema, na wazee wengi wangali wakiwataja kwa majina. Ila mgeni ana kwao, na muda wake ukiisha hufunga mizigo.

Mwaka wa 1970 chuo hiki cha Kahawa kilifanywa kwa sheria ya Bunge kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1972 wanafunzi 200 wakaingia kusomea shahada ya ualimu. Mwaka wa 1978 Kitivo cha Elimu cha Nairobi kilihamishiwa hapo. Halafu katika mwaka wa 1985 chuo kikapewa sheria yake chenyewe, kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wenye kupenda tarehe watatuwia radhi kwa kupita hapa kwa haraka, maana jambo tulitakalo hasa ni lile linalotendeka ndani ya madarasa yake.

Mwanafunzi wa shahada ya ualimu husoma miaka minne. Huchagua masomo mawili atakayoyafundisha, kwa mfano hesabu na fizikia, au Kiswahili na historia, naye huyasoma pamoja na wanafunzi wengine wa Chuo Kikuu. Mbali na hayo hufundishwa elimu yenyewe: jinsi akili ya mtoto inavyokua na kujifunza, historia ya shule katika nchi yetu, namna ya kupanga mafundisho, jinsi ya kutunga mtihani unaopima kweli, na uangalizi wa watoto wenye ulemavu.

Hapa ndipo watu wengi wanapotilia shaka. Husema, "Mtu akijua hesabu, amejua kuzifundisha. Ya nini kumpotezea wakati kwa mambo ya akili ya mtoto?" Tutajibu kwa mfano mmoja. Mwalimu ameandika ubaoni 3 ongeza 4 ndani ya mabano, kisha amewaambia wanafunzi waizidishe jumla hiyo kwa yenyewe. Kila mtu aona ya kuwa ni 7 mara 7, nayo ni 49. Lakini penye herufi badala ya tarakimu, wanafunzi wengi huzidisha ile ya kwanza kwa yenyewe na ile ya pili kwa yenyewe, kisha huziongeza. Ukiwafanyia hivyo 3 na 4 utapata 9 na 16, jumla 25. Zimepotea 24, na mtoto hana habari.

Mwalimu asiyefunzwa atatia alama ya kosa kwa wino mwekundu na kuendelea. Sisi wenyewe tulikuwa na mwalimu, jina lake hatulitaji, aliyejaza ubao mzima huku ametugeuzia mgongo, na kila tulipokosa alirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tulikuwa viziwi. Aliyefunzwa hujiuliza kwanza, "Mtoto huyu amefikirije hata akafika hapa?" Kisha huchora ubaoni shamba la mraba, kila upande hatua 7. Hulikata kwa mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, mahali pa hatua 3. Sasa vimepatikana vipande vinne: kimoja cha 3 mara 3, kimoja cha 4 mara 4, na viwili vya 3 mara 4. Mwanafunzi aliyeandika 25 ameona kwa macho yake ya kuwa amelima vipande viwili na kuacha viwili, kila kimoja 12, yaani zile 24 zilizopotea. Mtoto wa mkulima hasahau shamba lililoachwa bila kulimwa. Baada ya hapo herufi hazimtishi.

Elimu ya namna hii haipatikani kwa kusikiliza tu, na kwa hiyo pana mazoezi. Kwanza mwanafunzi hufundisha somo fupi la dakika chache mbele ya wenzake, ambao hujifanya kuwa watoto wa shule. Hushughulika na jambo moja tu, pengine namna ya kuuliza swali, pengine jinsi ya kutumia ubao. Akimaliza, wenzake na mkufunzi humwambia waliyoyaona. Wapo wanaogundua siku hiyo ya kuwa huuliza swali na kulijibu wao wenyewe kabla mtu hajafungua kinywa.

Kisha huja mazoezi ya kufundisha katika shule ya kweli, muhula mzima. Kijana hupewa madarasa yake, akaandika azimio la kazi la muhula na andalio la kila somo, akasahihisha madaftari, akashika zamu pamoja na waalimu wengine. Mara nyingi hujitafutia chumba karibu na shule na kujilipia chakula, jambo ambalo kwa mtoto wa maskini si jepesi. Wakufunzi huja kumtazama, wala si lazima watoe habari mapema. Mtu ameketi nyuma ya darasa na karatasi yake, watoto arobaini au zaidi wanakodoa macho, na chaki imeanza kulowa jasho mkononi. Waliopita hapo husema ya kuwa mtihani wa karatasi ni mchezo ukiulinganisha na dakika 40 hizo.

Matunda ya kazi hii yameenea nchini. Ni vigumu kutaja sehemu ya Kenya ambako hapana mwalimu aliyepita Kahawa, na wengine wamekuwa wakuu wa shule na wakaguzi. Katika mwaka wa 2006 Profesa Olive Mugenda aliwekwa kuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo hicho, naye akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha umma nchini. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Nairobi, ilikuwa ya ualimu. Chuo kimefungua pia mafunzo ya wakati wa likizo, ambapo waalimu waliokwisha kuajiriwa huja wanafunzi wao wanapokwenda nyumbani. Mtu mwenye nywele za mvi huketi dawati moja na kijana aliyemfundisha zamani, na hapana anayeona haya.

Yafaa pia kusema neno la kweli lisilopendeza. Katika miaka ya 1960 darasa lilimngoja mwalimu, lakini siku hizi mwalimu hungoja darasa. Waalimu wengi wenye shahada na vyeti vya kuandikishwa wamekaa miaka bila kuajiriwa, na wakati huo huo mashuleni waalimu hawatoshi. Upungufu hautokani na kukosekana kwa watu waliofunzwa, bali hutokana na fedha za mishahara. Zilipoanzishwa shule za sekondari ya chini katika mwaka wa 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi, vijana wengi waliofunzwa kwa ajili ya sekondari walichukuliwa humo kwa kandarasi za muda, kwa posho ndogo kuliko mshahara wa mwalimu wa kudumu. Wengine waliipokea kazi hiyo kwa shukrani, na wengine wakalalamika, na sioni kwamba walalamikao wamekosa.

Kijana anayetaka kuingia ajue ya kuwa kwa kawaida hutakiwa awe amepata C+ kwa jumla katika mtihani wa kidato cha nne, na C+ au zaidi katika kila moja ya yale masomo mawili atakayofundisha. Wengi hukosea hapa, wakitazama jumla na kusahau masomo yenyewe. Baada ya kuhitimu hana budi kujiandikisha kwa Tume ya Kuwaajiri Waalimu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1967, kwa maana asiyeandikishwa haruhusiwi kufundisha, ikiwa ni shule ya Serikali au ya mtu binafsi. Mzazi naye ana haki ya kumwuliza mkuu wa shule kama waalimu wake wote wameandikishwa.