Kaa Kitako Mji Mkongwe

Wengi wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam hushuka bandarini Malindi wakiwa na orodha mkononi: Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini, kisha Forodhani usiku kula urojo na mishikaki. Orodha hiyo si mbaya. Ila kwa sisi tunaoshughulika na majengo ya kale, utamu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar umo njiani, kati ya kituo kimoja na kingine, na hauna kiingilio.

Anza na baraza. Nyumba nyingi za kale zina kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele. Hakikuwekwa kwa urembo. Nyumba ya pwani hulinda sitara ya waliomo ndani, kwa hiyo mwenyeji alihitaji mahali pa kumpokea mgeni asiyemzoea bila kumpitisha mlangoni. Masika yakifurisha kichochoro, baraza hilohilo huwa njia ya kupitia. Jioni ni ukumbi wa mtaa: bao, dhumna, mpira, na siasa isiyokwisha. Mashuhuri zaidi ni Jaws Corner, ambako kahawa chungu hunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata. Mabaraza ya njiani bado yametawaliwa na wanaume. Mgeni wa kike anayetoa salamu hupokewa kwa heshima, lakini asishangae kujikuta peke yake kati yao.

Kisha inua macho. Ukilala au hata ukinywa chai katika nyumba ya zamani, tazama dari. Limebebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, ambayo mengi yaliletwa kwa jahazi kutoka delta ya Rufiji na Lamu. Boriti nzuri hufika kama mita tatu tu kabla haijaanza kupinda au kulemewa. Ndiyo sababu vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba na virefu, awe mwenye nyumba tajiri au wa kawaida: upana wa chumba uliamuliwa na mti. Mimi hilo hunifurahisha kuliko kasri lolote.

Gusa na ukuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe. Chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Saruji huuzuia, nao ukikwama pamoja na chumvi ya bahari, lipu huvimba na kumeguka. Ukishalijua hili, utaanza kutambua mwenyewe nyumba iliyokarabatiwa vizuri na iliyoharibiwa kwa nia njema.

Milango imeshasifiwa sana, nami sitakaa hapo. Angalia tu sehemu ya juu: ya mraba ndiyo mtindo wa zamani zaidi, ya upinde, pamoja na maua yaliyochongwa kwa wingi, inaonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi na ilienea mwishoni mwa karne ya 19.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na habari zikaenea kote. Nyumba ndogo za vichochoroni huanguka bila kutangazwa, na nyingi huanza kufa pale zinapokosa watu wa kuzitazama.

Kwa hiyo ukipanga safari, acha alasiri moja bila ratiba, wakati vivuli vimejaa vichochoroni na jua halichomi. Toa salamu kabla ya kukaa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usichungulie mlango ulioachwa wazi. Mzee akikusogezea nafasi barazani, mlipie kahawa, kisha muulize nyumba iliyo mbele yenu ilijengwa na nani.