Kufiwa na Mtu Unayemchukia

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, msiba hauulizi nani alimpenda marehemu. Taarifa inapotoka, kazi za shamba husimama, wanaume huchimba kaburi kando ya migomba ya kibanja, wanawake hupika na kulala msibani, na kila kaya hutoa mchango wake. Asiyefika hutazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa sababu hiyo, katika misiba mingi huwapo watu walioketi kama wengine na kuinamisha vichwa kama wengine, ilhali mioyoni mwao hakuna huzuni inayofanana na ya wengine. Huenda ni mke aliyepigwa kwa miaka ishirini, au mdogo wa marehemu aliyenyang'anywa sehemu yake ya kibanja. Huenda ni binti aliyefanyiwa na baba wa kambo jambo ambalo hajapata kulitamka mbele ya mtu.

Watu hawa hawaandikwi katika rejista za zahanati kwa jina la wafiwa. Huja wiki kadhaa baadaye wakilalamikia vidonda vya tumbo, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika saa nane za usiku. Hupimwa malaria, hupewa dawa ya kupunguza asidi tumboni, wakarudi nyumbani. Ni mara chache wanapoulizwa kama kuna aliyefariki karibuni katika familia, na ni mara chache zaidi wanapoulizwa swali linalopaswa kufuata: marehemu huyo alikuwa mtu wa namna gani kwao?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kauli hiyo inaeleza chuki kuliko vitabu vingi. Chuki iliyo nzito, ile inayomnyima mtu usingizi, kwa kawaida haielekezwi kwa mtu wa mbali. Huelekezwa kwa mwenzi, mzazi, ndugu wa tumbo moja, jirani wa mpakani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionesha kwamba asilimia 41 ya wanawake waliohojiwa Dar es Salaam, na asilimia 56 Mbeya, waliokuwa wamewahi kuwa na mwenzi, walifanyiwa naye ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yao. Wengi wa wenzi hao watafariki siku moja, na wanawake hao watavishwa nguo za ujane na kupewa pole.

Hisia inayotangulia mara nyingi ni unafuu. Mwili huitambua kabla ya akili: mabega hulegea, mtu hulala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mlango ukigongwa hashtuki tena. Hili si ugonjwa. George Bonanno na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuatilia wazee 205 wa Marekani tangu kabla ya kufiwa na wenzi wao hadi miezi 18 baadaye. Karibu nusu yao hawakuonesha msononeko mkubwa wakati wowote. Takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na sonona mwenzi wake alipokuwa hai, kisha akapata nafuu baada ya kifo. Kwa watu hao kifo kilifunga mlango wa mateso, ama ya ndoa mbaya ama ya uuguzi mrefu.

Baadhi huhisi zaidi ya unafuu. Huhisi furaha, nayo huwatisha. Mwaka 2006 watafiti wa London walionesha kwamba wanaume walipomwona mtu aliyewatendea isivyo haki akiumizwa, sehemu za ubongo zinazohusika na huruma zilitulia, na zile zinazohusika na raha ya kupata tuzo zikaamka. Wenzao wa Japani, mwaka 2009, waliona jambo la aina hiyo pale mtu anayeonewa wivu alipopatwa na mabaya. Maana yake si kwamba furaha hiyo ni njema. Maana yake ni kwamba huzuka katika ubongo wa kawaida wa binadamu, na anayeihisi hajageuka mnyama.

Baada ya furaha huja hatia, na hapa ndipo wengi huumia. "Adui yako mwombee njaa," husema watu kwa mzaha. Lakini mtu aliyewahi kumwombea mwenzake kifo, kisha kifo kikaja, hacheki tena. Huamini kwamba neno lake limeua. Mhudumu wa afya anapaswa kulijibu jambo hili waziwazi, kwa kuwa lina jibu: kiharusi huletwa na shinikizo la damu lisilotibiwa, ajali ya pikipiki huletwa na mwendo na giza, na hakuna wazo la mtu mwingine lililomo katika orodha ya vyanzo hivyo.

Kisha kuna hisia ambayo haina jina zuri. Aliyechukia kwa miaka mingi alikuwa amejenga siku zake kuizunguka chuki hiyo: njia za kupita, maneno ya kujibu, kesi ya baraza la kata. Adui akiondoka, sehemu kubwa ya maisha hubaki wazi. Pamoja na hayo hutokea maombolezo ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Mtoto wa baba katili hamlilii baba aliyemzika, humlilia baba aliyemngoja. Madhali baba yu hai, matumaini ya kuombwa radhi, hata yawe madogo kama punje ya ulezi, hayafi. Kaburi ndilo linaloyamaliza. Sigmund Freud aliandika mwaka 1917 kwamba maombolezo huwa magumu zaidi pale ambapo upendo na chuki vilimhusu mtu mmoja. Mwaka 1989 Kenneth Doka wa Marekani aliyaeleza maombolezo ambayo jamii haiyatambui wala kuyapa nafasi. Mfiwa aliyemchukia marehemu huangukia humo mara mbili, kwa kuwa haruhusiwi kufurahi, na akilia hakuna anayejua analia nini.

Mkoa wa Kagera una kisa chake kikubwa cha namna hii. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Novemba 1 yakatangazwa madai kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Watu waliuawa, mali zikaporwa, maelfu wakakimbia makazi yao. Karagwe ya siku zile, ambayo ndani yake ilikuwamo Kyerwa hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012, inapakana na nchi hiyohiyo, na kuna familia zenye ndugu pande zote mbili za mto. Nchi nzima ilimwita mtu huyo nduli. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979, naye akatoroka. Mwalimu Nyerere, aliyeiongoza Tanzania katika vita hivyo, alifariki Oktoba 14, 1999; Amin alimzidi umri wa kuishi baada ya vita kwa karibu miaka minne, akafariki Agosti 16, 2003, hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, bila kupandishwa kizimbani hata siku moja.

Kifo cha namna hiyo hakimrudishii mtu aliyefiwa mwaka 1978 chochote alichokuwa akikingoja. Hakuna hukumu, hakuna maelezo, hakuna aliyesema nimekosa. Ndivyo ilivyo pia kwa wakosaji wadogo wa nyumbani: kifo humwondoa mdaiwa na deni likabaki mikononi mwa mdai.

Mkoa huuhuu ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, mwaka 1983. Kuna wajane ambao hadi leo humeza dawa za ARV kila siku kwa sababu ya maambukizi waliyoletewa na mume aliyekwisha kufa, na kila kidonge huwakumbusha. Hasira ya aina hiyo ikikosa mahali pa kwenda huweza kugeuka sonona, na inajulikana vyema kwamba mwenye sonona hukosea dawa zake zaidi kuliko asiye nayo. Kliniki inayohesabu vidonge bila kuuliza habari za marehemu huenda inakosa chanzo cha tatizo.

Hatari nyingine ni ya nje ya moyo. Palipo na imani kwamba kifo hutumwa na mkono wa mtu, adui anayejulikana ndiye hutazamwa kwanza, hasa akiwa mwanamke mzee asiye na mtetezi. Maelezo mepesi ya chanzo cha kifo, yakitolewa kwa familia na mganga wa hospitali mapema, yanaweza kumwokoa mtu aliye hai. Siri ya mgonjwa haifi naye, hivyo si kila chanzo kitatajwa. Lakini familia iliyoelezwa vizuri kuhusu kisukari au saratani haina haja ya kwenda kuuliza kwingine.

Katika chumba cha daktari, neno "msamehe" lisitangulie. Ni neno jema, na viongozi wa dini wana nafasi yao ya kulitamka, ila likisemwa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza alichotendewa, humfunga mdomo. Inatosha kumwambia kwamba wengine nao huhisi hivyo, kisha kunyamaza na kusikiliza. Apewe uangalizi wa karibu zaidi yule anayetaja kujiua, aliyeanza kunywa pombe kila siku, anayeota mateso ya zamani na kuamka akitetemeka, au ambaye baada ya miezi sita bado hawezi kulima wala kutunza watoto. Miezi sita ndicho kipimo cha chini cha maombolezo yaliyopitiliza katika uainishaji wa magonjwa wa kimataifa unaotumika tangu 2022. Hao wapelekwe hospitali, iwe Nyakahanga kwa walio Karagwe au Isingiro kwa walio Kyerwa, na ikibidi Bukoba au Bugando. Anayetaja kujiua asiachwe arudi nyumbani peke yake siku hiyo.

Mtoto ambaye hakulia kwenye msiba wa baba yake asikemewe wala asilazimishwe kutupa udongo kaburini.

Limebaki jambo dogo la utaratibu ambalo huharibu mashauriano mengi. Mjane huletwa kliniki na shemeji au wifi, yaani ndugu wa marehemu. Akiulizwa mbele yao marehemu alikuwaje, atajibu kwamba alikuwa mtu mwema, na faili litafungwa kwa kuandikwa vidonda vya tumbo. Msindikizaji aombwe kwanza kusubiri kwenye benchi la nje, mlango urudishwe, ndipo swali liulizwe.