Paka wako anakula nini: chakula kikavu au cha majimaji?

Umelima kwa jembe. Umepalilia. Umefukuza ngedere na nguruwe. Sasa umevuna, na mahindi yako yamo ndani. Usiku unasikia kitu kinakwaruza kwenye gunia. Huyo ni panya. Je, wewe ukilala, nani analinda mahindi yako?

Watu wengi hapa Vigwaza watajibu: paka. Jibu hilo ni sawa. Lakini nikiuliza, "Paka wako anakula nini?" wengi hucheka. Husema, "Paka anakula panya, Bwana Shamba. Kwani nimpikie?"

Zamani hata mimi nilisema hivyo. Leo nitakueleza kosa langu, ili wewe usilirudie.

KOSA NILILOFANYA

Mama mmoja wa kata yetu alikuwa na paka jike. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu paka nimpe chakula au nisimpe?" Nikamjibu, "Usimpe, mama. Paka mwenye njaa ndiye anayekamata panya." Mama alifuata maneno yangu, kwa sababu mimi ndiye mtaalamu.

Hazikupita wiki mbili. Paka akaanza kwenda kwa jirani. Akala vifaranga vitatu. Jirani akampiga fimbo. Watu wazima wawili, waliokuwa wakiazimana chumvi, wakaacha kusalimiana. Paka akakimbia, hakurudi tena.

Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Panya wakajaa. Mama akanunua sumu kwa mchuuzi, kwenye kipakiti kisicho na maandishi. Akaichanganya na unga, akaiweka chini ya kitanda. Mjukuu wake wa miaka miwili akaiokota. Dada yake alimwona kabla hajaitia mdomoni, akamshika mkono.

Mtoto yule alipona kwa macho ya dada yake. Hakupona kwa ushauri wangu.

PAKA ALIYELISHWA HUKAA NYUMBANI

Mwaka 1953 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Charles Elton, alitoa habari za paka wa mashambani. Alikuta mambo mawili. Kwanza, paka hawawezi kumaliza panya waliokwisha kujaa. Pili, panya wakiondolewa kwanza, paka wanaweza kuzuia panya wengine wasiingie. Lakini paka hao walipewa maziwa kidogo kila siku, basi hawakuzurura mbali.

Maana yake ni nini kwetu? Paka hawindi kwa njaa tu. Kuwinda ni tabia yake. Hata paka aliyekula hurukia panya akimwona. Lakini paka mwenye njaa kali hahesabu lipi ni panya na kipi ni kifaranga. Tena huhama, akafuata mahali penye chakula.

Kumbuka pia kwamba panya shamba jike anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo usingoje wajae. Safisha nyumba, ziba matundu, inua magunia juu ya kichanja, tega mitego. Halafu mwachie paka alinde.

MWILI WA PAKA UNATAKA NINI

Mbuzi anakula majani. Mtu anakula ugali, maharage na samaki. Paka si kama mbuzi, wala si kama mtu. Yeye ni mla nyama. Ugali mtupu humjaza tumbo, lakini haumjengi mwili.

Katika nyama na samaki kuna kitu kinachoitwa taurini. Mwili wa paka hauwezi kuitengeneza ya kutosha. Lazima aile. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini macho yake huharibika. Mwaka 1987 ikajulikana kwamba hata moyo wake hudhoofika. Panya anayo taurini. Samaki anayo pia. Muhogo, mahindi na mchele havina.

Paka anataka pia maji. Wazazi wa paka wa zamani waliishi katika nchi kavu. Walipata maji mengi katika mnyama waliyemla. Ndiyo sababu mpaka leo paka si mnywaji mzuri wa maji. Mwili wa panya, karibu theluthi mbili yake ni maji. Paka akila panya, amekula na amekunywa.

Hapo ndipo linakuja swali letu: tumpe chakula kikavu au cha majimaji?

CHAKULA KIKAVU

Hapa kwetu chakula kikavu cha paka ni dagaa. Mijini ziko pia punje kavu za dukani, zinazouzwa katika mifuko.

Uzuri wa chakula kikavu ni huu: hakiozi upesi. Unaweza kukiweka kwa muda mrefu bila barafu. Dagaa mzima ana nyama, na ana mifupa laini inayompa paka chokaa ya kujenga mifupa yake.

Ubaya wake ni huu: maji ni machache. Katika gramu 100 za punje za dukani, maji ni gramu 10 hivi tu. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 za maji kwa siku, yaani glasi moja. Akila vikavu siku zote bila kunywa vya kutosha, mkojo wake huwa mzito. Paka dume mkojo unaweza kuziba kabisa. Utamwona anachuchumaa mara nyingi, analia, na hakitoki kitu. Huo si mchezo. Asipotibiwa anaweza kufa katika siku mbili au tatu. Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.

CHAKULA CHA MAJIMAJI

Hiki ni vichwa vya samaki vilivyochemshwa, utumbo wa kuku uliochemshwa, au samaki mbichi. Mijini wanauza pia vyakula vya makopo. Katika gramu 100 za kopo, maji ni gramu 75 hadi 80. Samaki mbichi naye ana maji kiasi hicho.

Uzuri wake ni kwamba paka anapata maji bila kulazimishwa, na harufu yake humvutia hata paka mgonjwa au mzee.

Ubaya wake ni joto letu la pwani. Samaki ukimwacha asubuhi, mchana ananuka. Nzi wanakuja, sisimizi wanakuja, na paka anaharisha. Basi mpe kile anachoweza kumaliza. Baada ya saa moja, ondoa kilichobaki.

Tena usimpe samaki mbichi kila siku. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka akikosa vitamini hiyo huyumba na kutetemeka. Ukichemsha samaki, kitu hicho hufa. Nyama na matumbo pia vichemshe, ili kuua vijidudu na mayai ya minyoo.

KIPI NI BORA?

Ndugu msomaji, kwetu sisi wa kijijini jibu ni rahisi. Chukua kikavu, ukifanye cha majimaji. Fanya hivi:

1. Chukua kiganja kimoja cha dagaa. Ondoa mchanga, kisha waoshe mara mbili. Kama ni dagaa wa chumvi, waloweke kwanza, umwage maji hayo.

2. Wachemshe kwa dakika kumi katika maji kidogo. Usitie chumvi, pilipili wala kitunguu.

3. Usimwage supu. Taurini nyingi huingia katika maji yale. Mwachie paka ainywe.

4. Ponda dagaa, uchanganye na ugali kidogo au ukoko wa wali. Dagaa wawe wengi kuliko ugali.

5. Poza. Mpe katika kifuu au kisahani chake mwenyewe. Asubuhi vijiko vikubwa viwili, jioni vijiko vikubwa viwili. Zinazobaki atajitafutia kwa panya.

6. Weka maji safi kila siku, mbali kidogo na chakula. Baadhi ya paka hawapendi maji yaliyo karibu na sahani.

Siku ukipata kambale au perege wa mto Ruvu, au samaki wa Bagamoyo, chemsha vichwa na mabaki umpe badala ya dagaa. Toa mifupa mikubwa. Ukichinja kuku, mchemshie moyo na utumbo uliosafishwa. Siku moja moja mpe yai lililochemshwa. Kubadili chakula ni vizuri, maana samaki peke yake siku zote hatoshi.

Paka mwenye mimba au anayenyonyesha mwongezee. Anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili ya kawaida au zaidi.

VITU VYA KUEPUKA

Vitunguu na vitunguu saumu. Hivi huharibu damu ya paka. Kwa hiyo mabaki ya mchuzi wetu wa kila siku hayamfai.

Maziwa mengi. Paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa ya ng'ombe. Kidogo si neno kama tumbo lake linakubali. Lakini maziwa si badala ya maji.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kama sindano na kuchoma utumbo.

Dagaa na unga wenye ukungu. Ukungu unaweza kuleta sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Usiseme, "Huu umeoza, nimpe paka au kuku." Sumu ni sumu kwa wote. Ufukie.

Panya waliokufa kwa sumu. Paka akimla panya huyo, sumu inaweza kumwua naye. Huwezi kufuga paka na kutega sumu katika nyumba moja. Chagua. Nakushauri uchague paka na mitego. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mfukie.

KAMA UNANUNUA CHAKULA CHA DUKANI

Vijana wetu wengi wanafanya kazi Dar es Salaam. Wengine huleta mfuko wa punje au kopo. Si lazima, maana bei yake ni kubwa kwetu. Lakini kikiletwa, usikitupe. Hapo ndipo kusoma kunakusaidia. Soma mambo matatu.

Kwanza, tafuta tarehe. Ikiwa imepita, usikitumie. Pili, angalia kama ni cha paka. Chakula cha mbwa hakimtoshi paka, kwa sababu mbwa hahitaji taurini nyingi kama paka. Tatu, angalia kama kimeandikwa ni chakula kamili au ni cha nyongeza tu. Maandishi yakiwa ya lugha usiyoijua, mwite mwanafunzi au mwalimu akusomee.

Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 50 au 60 za punje kwa siku, au gramu 200 hivi za kopo. Punje unaweza kuzilowesha kwa maji ya uvuguvugu. Kopo likifunguliwa, limalizwe mapema. Mfuko ufunge vizuri, uuweke ndani ya debe lenye kifuniko. La sivyo utakuwa umenunulia panya chakula.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Paka ni rafiki, lakini ana magonjwa anayoweza kutuletea. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa humpata hata paka. Mwulize afisa mifugo wa kata habari za chanjo. Paka akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje.

Mama mwenye mimba asizoe kinyesi cha paka. Kuna vijidudu ndani yake vinavyoweza kudhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine afanye kazi hiyo, akifukie, kisha anawe mikono kwa sabuni. Ukimpa paka nyama iliyopikwa badala ya mbichi, hatari hiyo inapungua.

MWISHO

Nilirudi kwa mama yule. Nilimwomba radhi kwa ushauri wangu. Tulizika sumu ile katika shimo refu, mbali na kisima. Tulitega mitego, tukaziba matundu kwa udongo na vipande vya bati. Nikamletea mtoto wa paka.

Mama akaniuliza tena, "Mwanangu, nimpe chakula au nisimpe?"

Safari hii nilijibu, "Mpe, mama. Dagaa vijiko viwili, asubuhi na jioni. Na maji."

Msimu huu mbegu yake haikuguswa. Jirani naye alikuja kuomba mtoto wa paka, akaja na chumvi mkononi.

Ndugu msomaji, kiganja cha dagaa ni kitu kidogo. Gunia la mahindi ni kitu kikubwa, na mtoto wako ni mkubwa kuliko vyote. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, tazama kifuu cha paka wako. Je, kina chakula? Je, kuna maji?

Kama umesoma habari hii mpaka hapa, msomee na jirani yako ambaye bado hajajua kusoma.