Mgeni wa Nchi Kavu na Mvua ya Ziwani

Askari anayehamishwa kutoka Moroto au Kotido kwenda Entebbe, Kampala au Kalangala hufungasha vyombo vyake na kuichukua jamaa yake; lakini hubeba pia mazoea ya nchi kavu. Huko Karamoja msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, nao si wa kutumainiwa. Wingu huweza kutanda, likanguruma, kisha likapita bila kudondosha hata tone. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu aliyekwisha danganywa na mawingu mara nyingi hakatishi safari yake kwa ajili yao.

Kandokando ya Ziwa Viktoria mambo ni mengine. Misimu ya mvua ni miwili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Usiku upepo hutoka nchi kavu na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu makubwa yakajengeka, na mara nyingi mvua hushuka visiwani na ufukweni alfajiri au asubuhi, wakati watoto waendapo shule na akina mama sokoni. Alasiri dhoruba nyingine huzaliwa juu ya nchi iliyopata joto la jua. Upepo wa baridi ukivuma ghafla na mbingu ikawa nyeusi, mgeni ajue kwamba amebakiwa na dakika chache tu.

Ni wapi basi akimbilie? Kwao mti ni kivuli, tena ni baraza la wazee. Huku mti mrefu ulio peke yake huvuta radi. Mwezi wa Juni 2011 radi iliipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Kibanda cha nyasi au kibanda kisicho na kuta si kinga. Kinga iliyo bora ni nyumba kubwa iliyojengwa imara, au gari la bati lililofungwa madirisha. Uonapo mmweko, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kilomita moja. Zisipofika 30, ingia ndani, wala usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Katika jambo la mafuriko, mtu wa Karamoja ana elimu yake mwenyewe. Anajua kuwa mto wa mchanga huweza kushuka ghafla, ingawa pale aliposimama hapakunyesha. Elimu hiyo asiiache nyumbani. Bwaise na kandokando ya mfereji wa Nakivubo maji hujaa upesi, hata barabara na mtaro visitambulikane. Maji yaendayo kasi, yakifika magotini, humwangusha mtu mzima. Mtoto hana nguvu ya kushindana nayo. Heri kuchelewa kazini.

Aliyelowa avue nguo mara afikapo nyumbani, ajifute na kuvaa kavu, kwa sababu nguo mbichi hunyonya joto la mwili. Kisha apewe uji au chai ya moto. Buti zijazwe magazeti makuukuu na kuanikwa kivulini, mbali na moto, ngozi isije ikapasuka. Tena ieleweke kwamba malaria hailetwi na kulowa bali na mbu, ambao huzaliana katika madimbwi yaliyoachwa na mvua. Madimbwi yafukiwe, na chandarua kitumiwe kila usiku.

Jirani aliyefika jana kutoka Kotido asiachwe ajifunze haya peke yake. Mama wa nyumba ya pili na amwonyeshe leo, kungali jua, njia ya shule isiyopita mtaroni, na jengo ambalo watoto watakimbilia wasikiapo ngurumo.